Mzee wa Burma Hasemi

Fundi wa kutafsiri muvi hupimwa kwa mdomo wake. Huko Eastlands ya Nairobi, Dandora, Kayole, Huruma na Kariobangi, mtu akikwambia fulani ni mkali, ana maana kwamba hashikiki: huanza kuongea nembo ya kampuni inapotokea kwenye skrini na haachi hadi majina ya mwisho yapite, akiwapa maneno wenye maneno na wasio nayo, farasi na mbwa wakiwemo. Mimi nataka kumsifu fundi mmoja kwa jambo ambalo wenzake wengi wangeliita kasoro. Alinyamaza.

Muvi yenyewe ni The Midnight Meat Train, na si ya watoto wala ya mtu aliyetoka kula. Mwanamume mmoja wa makamo, mfanyakazi wa kiwanda cha nyama, hupanda treni ya mwisho ya usiku akiwa na mkoba wa ngozi. Ndani ya mkoba mna nyundo ya chuma ya kupondea nyama. Abiria wakibaki wachache, anainuka. Anawapiga, anawavua nguo, anawanyoa, anawaning'iniza kwenye vyuma vya juu vinavyoshikwa na abiria, na treni inaendelea kwenda mahali ambapo hapako kwenye ramani. Kijana mpiga picha, Leon, anaanza kumfuatilia kwa kamera, na kila picha anayopiga inamsogeza karibu na nyundo.

Kabla ya kuwa muvi, hiki kilikuwa kisa kifupi cha Clive Barker, mzaliwa wa Liverpool, kilichotoka mwaka 1984 katika juzuu ya kwanza ya Books of Blood. Mwongozaji aliyekigeuza kuwa filamu ni Mjapani, Ryuhei Kitamura, na Bradley Cooper ndiye Leon, mwaka mmoja tu kabla ya The Hangover kumfanya ajulikane kila mahali. Kampuni iliyoisambaza haikuipenda. Ilipotoka Marekani Agosti 2008, ilipelekwa kwenye kumbi za bei rahisi, mia hivi tu, kisha ikaachiwa diski. Filamu ya namna hiyo haingii Nairobi kwa mlango wa sinema za katikati ya jiji. Inaingia kwa diski na flashi, inapita mkono hadi mkono, na siku moja inafika kwa kijana mwenye maikrofoni, kompyuta na koo lenye nguvu.

Kazi hii ina wazee wake. Kenya nzima inamjua James Muigai, yaani DJ Afro, ambaye sauti yake imesikika kwenye vinyozi, matatu na mabanda ya vidio hadi watu wengine hawataki kuitazama muvi ya Kichina au ya Kihindi bila yeye. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu na kanda zake. Kampala wana VJ Jingo na wenzake wanaotafsiri kwa Kiganda. Na ukirudi nyuma zaidi utawakuta Wajapani wenyewe: enzi za filamu zisizo na sauti, kila ukumbi ulikuwa na msimulizi aliyeitwa benshi, aliyesimama kando ya pazia akaieleza hadithi na kuigiza sauti za wote. Watu walikwenda kumsikiliza benshi wanayempenda, muvi ikiwa ni jambo la pili. Heigo, kakake mkubwa Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Filamu za sauti zilipokuja kazi ikamwishia, naye akajiua mwaka 1933. Kwetu sauti haikuiua kazi hii. Mafundi wa Eastlands waliikuta filamu ikiongea, wakaongea juu yake.

Fundi ninayemsema si DJ Afro. Ni mmoja wa vijana waliopita njia aliyoifungua, na jina lake halikuandikwa kwenye diski niliyoipata. Niliisikia sauti yake kwanza katika banda la vidio Kariobangi, mabati juu na mabati kando, mabenchi yamebanana, mwenye banda amesimama mlangoni akiwafukuza watoto kwa ukali ambao Bodi ya Filamu ingeupenda. Baadaye nikaitafuta nakala, nikakaa nayo nyumbani pamoja na muvi ya asili, nikawa nasikiliza kipande cha hii na kipande cha ile. Ndipo nilipoelewa kwamba kile nilichodhani ni bahati kilikuwa kimepangwa.

Muuaji anaitwa Mahogany. Kwenye muvi anachezwa na Vinnie Jones, na anapotokea mara ya kwanza suti yake imenyooka, tai imekaa mahali pake, nywele zimechanwa. Fundi anasema polepole: "Huyu sasa ni Mzee wa Burma. Mwangalieni mikono." Basi. Hakusema kwamba ni mbaya, hakusema ataua nani.

Lakini banda lote lilishaelewa. Burma ni soko la nyama lililo kando ya Barabara ya Jogoo, karibu na City Stadium. Ukipita pale asubuhi unakutana na wabebaji waliovaa makoti meupe yenye damu, paja la ng'ombe begani, wakipenya katikati ya watu. Ndani, gogo la kukatia limechimbika katikati kwa miaka ya shoka. Mkata nyama wa pale anakuuliza unataka kilo ngapi, na kabla hujamaliza kujibu jicho lake limeshaipima. Ni watu wa heshima, na kazi yao ni safi kuliko inavyoonekana. Fundi alijua kwamba akimwita Mahogany shetani, hofu ingekuwa ya mbali, ya kwenye vitabu. Akampa anwani. Tangu hapo kila Mahogany anapoishika nyama kiwandani, anapoigeuza, anapochagua pa kuanzia kukata, tulimwona mtu anayeijua kazi, na hilo ndilo linalotisha kwa muuaji huyu. Barker alikuwa ameliandika. Katika kisa chake anatuingiza kichwani mwa Mahogany, tunasikia anavyojivunia ufundi wake na anavyohisi umri unamlemea. Kitamura aliyaondoa mawazo yote hayo, akamwachia uso na mwili tu. Kijana wa Eastlands, ambaye sina sababu ya kuamini aliwahi kukisoma kitabu hicho, aliyarudisha kwa maneno matatu: Mzee wa Burma.

Mzaha aliufanya mara moja, mapema, akauweka kando. Vinnie Jones alikuwa mchezaji wa mpira kabla ya kuwa mwigizaji. Alikuwa katika kikosi cha Wimbledon kilichoifunga Liverpool 1-0 kwenye fainali ya Kombe la FA mwaka 1988. Wazee wawili kwenye benchi la mbele walimtambua, wakaanza kunong'onezana. Kana kwamba alikuwa amewasikia, fundi akasema: "Zamani alikuwa kiungo, siku hizi anakata viungo." Banda likavunjika kwa kicheko. Hakurudia mzaha mwingine juu ya mtu huyo mpaka mwisho, na ninaamini alijua kwamba mtu akishachekwa mara mbili hawezi tena kutisha.

Kisha ikaja treni.

Mtu wa Eastlands anaijua treni ikiwa imeshiba. Muthurwa na Makongeni zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na mpaka leo treni ya jioni ikitoka stesheni kuu na kusimama Makadara, huulizi kama kuna kiti, unauliza kama kuna pa kuweka mguu. Kitamura aliujenga usiku wake kwa kuonyesha behewa refu, lenye mwanga mweupe, na watu wawili watatu. Kwa Mmarekani huo ni usiku wa kawaida tu. Fundi aliona kwamba kwetu picha hiyo haina maana mpaka isemwe, akaisema: "Oneni. Kuna viti." Watu wakacheka kidogo. Akangoja. "Treni nzima, viti." Kicheko kikafa. Sijui mwandishi wa skrini angeupataje mstari kama huo, maana hauhitaji kitu chochote kilichomo kwenye filamu isipokuwa macho ya anayetazama.

Kuna tukio moja ambalo kila aliyeiona muvi hii analikumbuka. Marafiki watatu, usiku wa manane, ndani ya behewa. Mahogany anainuka. Nyundo inafanya kazi yake, na jicho la mmoja linaruka kuelekea kamera. Kitamura hakuficha kitu. Damu nyingi ya muvi hii imechorwa kwa kompyuta, na inaonekana. Inang'aa mno, inaelea hewani mno, na mtu aliyeona mbuzi akichinjwa sikukuu haamini. Ingekuwa rahisi fundi aifunike kwa kelele, apige "cheki damu!" kama wafanyavyo wengi. Yeye alifanya kazi yake kabla ya damu.

Wale watatu, katika muvi ya asili, hatuwajui. Wapo ili wafe. Fundi akawapa maisha. Akawafanya wawe wanarudi mtaani kutoka mjini, mmoja analalamika kwamba viatu vinambana, mwingine anamkumbusha deni la nauli. Sauti tatu, koo moja, na kila sauti ina mwendo wake: mmoja anavuta maneno, mmoja anakata, msichana anaongea huku akicheka. Yule mwenye deni anajitetea: "Tulia bana, kesho nitakutumia kwa M-Pe..." na hapo nyundo inatua. Neno limekatika katikati. Fundi hakulimalizia, wala hakupiga kelele ya maumivu. Aliipandisha sauti ya muvi, tukasikia magurudumu kwenye reli, na nyundo, na magurudumu tena.

Nieleze kidogo jinsi hilo linavyofanyika, kwa sababu ndipo ufundi ulipo. Msimulizi anapoongea, sauti ya muvi hushushwa ili maneno yake yasikike, akinyamaza, hupandishwa. Wengi huishusha mwanzoni na kuisahau huko chini, ukawa unasikia muziki na milio kana kwamba inatoka kwa jirani. Fundi huyu mkono wake hautoki kwenye kitufe. Nilipolinganisha nakala mbili niligundua kwamba katika sehemu za Mahogany anaipandisha sauti ya muvi hata kupita ilivyo asili, mpaka unasikia kiatu cha yule mzee kwenye sakafu ya behewa, hatua moja, nyingine. Kwa hiyo ukimya wake si pengo. Kila anapoacha kusema ametupa kitu kingine cha kusikiliza.

Na kanuni yake, ambayo hakuitangaza popote, ni hii: wanaouawa wanapewa maneno, anayeua hapewi. Walevi, makondakta, mhudumu wa mgahawa, wote wanaongea Kiswahili cha mtaani chenye utamu wake. Mahogany, ambaye fundi mwingine yeyote angempa kicheko kizito na vitisho, anabaki bubu. Ndivyo Kitamura alivyomfanya pia, lakini kunyamaza ndani ya muvi ni kitu kimoja, na kunyamaza mbele ya msimulizi ambaye ameshampa kila mtu sauti ni kitu kingine. Tulianza kumwogopa kwa sababu hata fundi wetu, mtu wetu, hakuweza kuingia kichwani mwake.

Aliitumia pia kanuni ambayo kila aliyekulia kwenye mabanda anaijua: steringi, yaani shujaa wa muvi, hafi. Quinton Jackson, yule mpiganaji aitwaye Rampage, anatokea ndani ya treni, jitu la misuli, na anamkabili Mahogany. Fundi akamtangaza kwa mbwembwe zote za kutangazia steringi, sauti juu, majina ya sifa, banda likashangilia na mabenchi yakalia. Alituacha tuamini. Ngumi zikarushwa, kamera ikazunguka, na baada ya muda mfupi Rampage naye alikuwa mmoja wa waliolala chini. Fundi akasema tu, "Si yeye." Ukimya ulioingia mle ndani sijawahi kuusikia kwenye sinema yoyote yenye viti vya kitambaa.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote haina damu hata tone. Leon anapeleka picha zake polisi, na afisa anayempokea anaanza kumhoji yeye: kwa nini alikuwa pale, kwa nini anapiga picha watu usiku. Baadaye tunajua kwamba polisi wanajua. Kwa mtazamaji wa mbali huo ni mzunguko wa hadithi tu. Lakini upande huu wa jiji watu wana majirani waliotoka jioni wasirudi. Mathare Social Justice Centre ilikusanya visa vya walionyang'anywa uhai na polisi ikavichapisha katika ripoti ya mwaka 2017. Fundi angeweza kutoa hotuba, na angeshangiliwa. Alishusha sauti yake ikawa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu kwenye dawati la ripoti, akatafsiri swali la afisa neno kwa neno, bila kuongeza chochote. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma alisema "ndivyo," na muvi ikaendelea.

Si kila kitu alikiweza. Maya, mpenzi wa Leon, alimfanyia haraka. Kila akitokea fundi anampa lawama ileile ya mke anayemsubiri mume, na mwanamke huyo anastahili zaidi, kwani ndiye anayeingia kwenye chumba cha Mahogany kutafuta ukweli. Mazungumzo kuhusu maonyesho ya picha aliyaruka karibu yote. Hapo alipoteza kitu, kwa sababu yule mwenye nyumba ya sanaa ndiye anayemtia Leon tamaa ya kuganda mahali pa hatari mpaka aipate picha, na bila tamaa hiyo Leon anaonekana mjinga. Tafsiri ikikata mzizi, tawi linabaki halina sababu.

Mwishoni treni inafika chini ya jiji. Huko wanakaa viumbe wa kale wanaolishwa nyama hiyo, na jiji linakaa salama juu yao mradi wanalishwa. Barker aliwaeleza kwa maneno mengi mazito. Fundi wetu aliwaita mazimwi, akaongeza methali ambayo kila mtu mle ndani alisikia kwa bibi yake: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Kisa kilichoandikwa na Mwingereza, kikapigwa picha na Mjapani kwa fedha za Marekani, kilikuwa kimerudi mahali pa kusimuliwa, usiku, kwa mdomo, watu wakiwa wamebanana. Kisa kifupi kikiwa filamu hupoteza sauti ya msimulizi. Kazi ya kijana huyu ilikuwa kuirudisha, na aliirudisha bila kuifunika filamu.

Hapo ndipo ulipolipa ule ukimya wote. Mahogany anapigana na Leon, anashindwa, analala akifa. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika muvi nzima anafungua mdomo kumwambia Leon, na ni neno moja. Fundi, ambaye kwa saa moja na zaidi hakumpa mtu huyo hata mguno, akalisema kwa sauti ya chini, ya mzee aliyechoka, sauti ambayo hakuwa ameitumia kwa mwingine yeyote: "Karibu." Niliona mtu mzima akishika benchi. Halafu Leon anang'olewa ulimi, anachukua nyundo, anachukua treni. Na fundi, tangu ulimi ule ulipotoka, hakumpa tena Leon neno lolote. Alimhamishia ukimya wa Mahogany.

Kuna watakaosema hii ni kazi ya wizi, na kisheria wana hoja. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwenye filamu haki ya kuamua nani aitafsiri, na mafundi hawa hawaombi ruhusa. Ningependa ipatikane njia ya leseni wanayoweza kuimudu, ili nao wasimame mchana. Lakini ruhusa na ufundi ni mambo mawili. Wanuri Kahiu alipokitengeneza kisa cha Monica Arac de Nyeko, "Jambula Tree", kuwa filamu ya Rafiki mwaka 2018, tulijadili kwa makini jinsi alivyokihamisha, nini alibakiza na nini aliacha. Kijana wa Kariobangi naye amehamisha kisa, kutoka picha kwenda sauti, mbele ya watazamaji wagumu kuliko wakosoaji wa magazeti. Anastahili kusomwa kwa makini yaleyale, na kukosolewa kwa makini yaleyale.

Shida ni kwamba kazi yenyewe inapotea. Diski zinakwaruzika, mabanda yanafungwa, flashi zinafutwa ili kuingiza msimu mpya wa mechi. Hakuna anayeandika nani alitafsiri nini na mwaka gani. Kama nyumbani kwenu bado mna diski hizo, kwenye droo au chini ya televisheni, msizitupe. Zisikilizeni, mkiitambua sauti iandikeni kwa kalamu ya wino mzito: jina la muvi, jina la fundi, na mtaa alikotokea.